Daktari wa meno, mtaalamu wa usafi wa kinywa au fundi wa maabara ya meno: uende njia ipi?

Wengi wakisema "nataka kusomea meno" kichwani wana picha moja tu, mtu kavaa glovu na barakoa, kainamia mdomo wa mgonjwa, mkononi ana drili. Picha hiyo ni ya kweli ila haijamaliza habari. Ndani ya fani hii kuna njia kadhaa na zinatofautiana sana, miaka ya shule tofauti, siku ya kazi tofauti, hata uchovu unaorudi nao nyumbani ni wa aina tofauti, na mtu asipojua mapema anakuja kushtuka mwaka wa tatu wakati ada ishalipwa na umri ushasogea. Hapa nimeziweka tatu bega kwa bega: daktari wa meno, mtaalamu wa usafi wa kinywa, na fundi wa maabara ya meno. Yuko pia tabibu wa meno, huyo nitamgusa njiani manake anasimama katikati ya hao wawili wa kwanza.

Kwanza niseme tu kwamba kazi ipo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 lilisema magonjwa ya kinywa yanagusa karibu watu bilioni 3.5, na kama bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyotoboka. Kwahiyo suala la kukosa wagonjwa lisikunyime usingizi. Cha kujiuliza ni wewe unataka kumsaidia huyo mtu kwa namna gani, kila siku, kwa miaka thelathini ijayo.

Shule

Daktari wa meno ndo mwenye safari ndefu. Nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza ni digrii ya miaka 5, unaingia ukitoka sekondari, na inaitwa BDS. Marekani kwanza unamaliza digrii nyingine ambayo kawaida ni miaka 4, alafu chuo cha meno miaka 4 tena, unatoka na DDS au DMD. Watu wanabishana sana kuhusu hizo herufi wakati mafunzo ni yale yale na leseni ni ile ile, DDS ilianza na chuo cha Baltimore kilichofunguliwa 1840, chuo cha kwanza cha meno duniani, na DMD ikaja na Harvard mwaka 1867, basi. Ukitaka ubingwa, mfano kunyoosha meno, fizi, meno ya watoto au kutibu mizizi, ongeza miaka 2 au 3. Upasuaji wa taya na uso unaweza kula miaka 4 mpaka 6, na kuna nchi hawakupi hiyo nafasi mpaka uwe na digrii mbili, ya meno na ya udaktari wa binadamu.

Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba mwanzoni husomi meno sana. Unasoma mwili mzima, moyo, damu, neva, dawa, vijidudu. Na ina maana yake, manake mgonjwa anayekaa kwenye kiti chako ana kisukari, au anameza dawa za kuzuia damu isigande, au ni mjamzito, na wewe ndo umeshika sindano ya ganzi. Baadae ndo unaingia maabara ya mazoezi, unakata meno ya plastiki yaliyofungwa kwenye kichwa cha sanamu. Hapo kuna mtihani ambao hakuna kitabu kinachokuandaa nao: nyuso nyingi za meno ya juu huwezi kuziona moja kwa moja, unazitazama kupitia kile kioo kidogo cha duara, na kwenye kioo mambo yamegeuka, unataka kupeleka drili mbele unaona ncha inarudi nyuma. Mikono inachukua muda kuzoea. Wapo wanafunzi wa daraja la juu kabisa kwenye nadharia wanaoteseka hapo miezi, na wapo wa wastani wanaoshika haraka.

Mtaalamu wa usafi wa kinywa anasoma miaka 2 au 3 sehemu nyingi, diploma au digrii. Ni fani changa ukilinganisha, ilianza Marekani mwaka 1906 pale daktari Alfred Fones wa Bridgeport, Connecticut alipomfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa, na 1913 akafungua shule kabisa kwa sababu aliamini kuzuia ugonjwa kuna faida kuliko kusubiri jino lioze. Tabibu wa meno ana historia yake, New Zealand walianza 1921 kufundisha wauguzi wa meno wa kuhudumia watoto mashuleni, wanaziba na kung'oa meno ya utotoni, na kazi ya tabibu leo kwenye nchi nyingi imekua kutokea kwenye wazo hilo hilo.

Fundi wa maabara anasoma miaka 2 mpaka 4 kutegemea nchi, na kuna sehemu bado watu wanajifunzia kazini chini ya fundi mkongwe. Anasoma umbo la kila jino, nta, metali, keramiki, na siku hizi kompyuta nyingi sana.

Siku yenyewe ya kazi

Hapa ndo naomba usome taratibu, manake shule inaisha lakini hii haiishi.

Tuanze na daktari. Chukua gego la kwanza la juu, mgonjwa hajalala siku mbili kwa maumivu, umeamua kutibu mzizi. Jino hilo lina mizizi mitatu, ila ndani yake mara nyingi kuna njia nne za neva, na hiyo ya nne imejibanza kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, nyembamba kiasi kwamba wengi hawaioni bila darubini au miwani ya kukuza. Ukiikosa, bakteria wanabaki humo na mtu anaweza kurudi na uvimbe baada ya miezi. Unaingiza faili, yaani tupa ndogo nyembamba kama sindano, unapima urefu kwa kifaa cha umeme na kwa eksirei, unaosha kwa dawa ya jamii ya klorini ambayo ikivuka ncha ya mzizi inaunguza nyama, kwahiyo unaisukuma polepole sana. Na muda wote huo mwenye jino yuko macho anakusikiliza, taya limechoka, mate yanamjaa, akishtuka kidogo na wewe mkono unatakiwa uwe umetulia. Hiyo ndo tofauti kubwa ya daktari wa meno na wapasuaji wengi wengine, wagonjwa wao wengi wamelala, wa kwako anakuangalia machoni.

Alafu kuna maamuzi. Jino hili liokolewe au ling'olewe? Hii doa kwenye ulimi ni kidonda cha kawaida au ni kitu cha kukata kipande na kupeleka maabara kupimwa saratani? Uamuzi ni wako na jina lako ndo linaandikwa kwenye faili. Kuna watu wanapenda huo uzito, unawafanya wawe makini zaidi. Kuna wengine unawamaliza kimya kimya. Jichunguze hapo kwa ukweli kabisa.

Na hofu ya wagonjwa usiichukulie poa. Sehemu kubwa ya wanaokaa kwenye kile kiti wanaogopa, wengine wanatetemeka, mtoto analia kabla hujamgusa. Daktari mzuri anaongea, anaeleza, anasubiri ganzi ishike vizuri, anamwambia mtu ainue mkono akisikia maumivu na kweli anasimama mkono ukiinuka. Kama kuongea na watu waoga kunakuchosha haraka, hiyo sehemu ya kazi itakuwa nzito kuliko drili yenyewe.

Mtaalamu wa usafi wa kinywa naye anakaa na mtu huyo huyo kwenye kiti kile kile, ila kazi yake ina mwendo mwingine. Mgonjwa mpya anapimwa kina cha mfuko kati ya jino na fizi, unaingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu 6 kuzunguka kila jino. Mtu mwenye meno 28 hapo ni vipimo 168, vyote vinaandikwa. Milimita 1 mpaka 3 ni salama, kuanzia 4 unaanza kufuatilia, ukikuta 6 au 7 na damu inatoka ujue mfupa unaoshikilia jino umeshaanza kuliwa. Kisha unaondoa ukoga uliogandamana, wa juu unauona, wa chini ya fizi huuoni, unaufuata kwa kuhisi tu, ncha ya chuma ikikwaruza unajua bado upo, ikiteleza unajua pamesafika. Ni ustadi wa vidole ambao mtu wa nje hawezi kuuona na ndo maana watu wanaudharau.

Mimi naona kazi hii inapewa heshima ndogo kuliko inavyostahili. Ugonjwa wa fizi ni moja ya sababu kubwa za watu wazima kupoteza meno, na una uhusiano wa pande mbili na kisukari, sukari ikiwa juu fizi zinaharibika, na fizi zikiwa mbovu sukari inakuwa ngumu kushuka. Anayepambana na hilo kila siku ni huyu. Anamwona mtu yule yule kila baada ya miezi sita au pungufu, anamfundisha kupiga mswaki upya bila kumuaibisha, na ziara ya tatu anapima tena anakuta damu imekata na mifuko imepungua. Ubaya wake ni kurudiarudia. Mgonjwa wa saa mbili, wa saa tatu, wa saa nne, wote ni kusafisha, na mkono ule ule unafanya mwendo ule ule. Anayependa kila siku iwe na kitu kipya atachoka. Anayependa kufanya jambo moja vizuri na kuona watu wakipona taratibu atakaa miaka na miaka.

Fundi wa maabara sasa. Huyu wagonjwa hawaoni, au anawaona mara chache pale rangi ya jino la mbele inaposumbua. Anapokea alama ya meno iliyochukuliwa kwa dawa laini inayoganda mdomoni, au siku hizi faili la skani, pamoja na maelezo ya daktari. Kutoka hapo anatengeneza krauni (kofia inayovalishwa jino), meno bandia, daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani), vifaa vya kunyoosha meno. Mfano krauni ya zirkonia, keramiki ngumu sana: anaichora kwenye kompyuta, mashine inaichonga kutoka kwenye kipande laini kama chaki, na inachongwa kubwa kuliko jino kwa makusudi, manake ikiingia tanuru la nyuzi joto kama 1,500 inasinyaa kwa kati ya asilimia 20 na 25, kama chungu kinavyosinyaa kikichomwa, alafu inatoka ngumu na saizi yake halisi. Fundi asipopiga hesabu ya kile kipande vizuri krauni haikai. Kisha rangi, kuna kipimo cha rangi 16 kinachotumika sana kuanzia A1 mpaka D4, lakini jino la mtu halina rangi moja, shingoni ni njano kidogo, nchani linapitisha mwanga, na fundi mwenye jicho anaweka tabaka juu ya tabaka la keramiki mpaka jino lifanane na jirani yake. Na ikizidi urefu kidogo, hata kwa unene wa chini ya unywele, mgonjwa akiuma anaihisi papo hapo.

Ni kazi ya utulivu, muziki unacheza, hakuna anayelia. Ila kuna presha ya tarehe, mgonjwa ana miadi alhamisi na kazi lazima ifike, na ukikosea inarudi na unaanza upya kwa hasara yako. Pia sifa haikufikii, mtu anajiangalia kwenye kioo anamshukuru daktari. Kwa wengine hilo halina shida kabisa.

Mwili wako utalipia nini

Madaktari na wataalamu wa usafi wote wanasumbuliwa shingo, mgongo na mabega, ni malalamiko ya fani nzima duniani, kwa sababu unainama upande mmoja juu ya tundu dogo kwa masaa. Wa usafi anaongeza kiganja na vidole kwa kule kukwangua. Miwani ya kukuza iliyopimwa vizuri inasaidia kukaa wima na mimi ningesema uinunue ukiwa bado mwanafunzi, usisubiri maumivu. Kuna pia kuchomwa na sindano au kifaa chenye damu, kwahiyo chanjo ya homa ya ini B ni lazima uwe nayo kabla hujagusa mgonjwa. Fundi hana hatari hiyo kwa kiwango kile, ila ana vumbi, vumbi la keramiki, plasta na metali, na ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la silika umeshawapata mafundi wa meno. Ukitembelea maabara ambayo haina mashine za kunyonya vumbi kwenye kila meza, usikubali kazi hapo.

Kipato na kujitegemea

Kwa ujumla daktari analipwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini angalia na upande wa pili, ameanza kupata mshahara miaka kadhaa baada ya wenzake, wengi wana mkopo wa shule, na akitaka kliniki yake kuna kiti, kompresa, eksirei, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, wafanyakazi, kodi ya pango, yaani ghafla wewe ni daktari na mfanyabiashara. Chuo kinakufundisha la kwanza tu. Asiyetaka anaajiriwa au anakaa hospitali ya umma au anafundisha, njia zipo.

Mtaalamu wa usafi anaanza kupata mapema na anaweza kupanga siku zake, wengi wanafanya kazi siku chache kwa wiki kwenye kliniki mbili tofauti. Uhuru wake unategemea sheria. Uingereza tangu 2013 mgonjwa anaweza kumwendea moja kwa moja bila kupitia kwa daktari, jimbo la Colorado huko Marekani liliruhusu hivo toka 1987, ila kuna nchi anatakiwa awe chini ya daktari muda wote, na Ufaransa kwa miaka mingi haikuwa na cheo hicho kabisa.

Fundi anaweza kumiliki maabara yake akiwa kijana bado. Canada, Denmark na Finland kuna daraja la fundi anayeruhusiwa kumpima mgonjwa na kumtengenezea meno bandia mwenyewe, hiyo ni nafasi nzuri sana kwa anayetaka kidogo cha vyote viwili. Lakini niseme wazi, kati ya njia tatu hii ndo inayobadilika kwa kasi. Skana, mashine za kuchonga na programu zinazochora krauni zenyewe zimepunguza kazi nyingi za mkono. Anayeingia leo akitegemea nta na kisu peke yake anaingia kwenye chumba kinachofungwa, anayeingia akijua kompyuta na akiwa na jicho la umbo na rangi atatafutwa.

Ukitaka kuhama nchi

Usidhani cheti kinasafiri na wewe. Daktari wa meno aliyesoma nje anayetaka Uingereza wengi wanapitia mtihani uitwao ORE, Marekani majimbo mengi yanataka urudi chuo kilichoidhinishwa kule miaka 2 au 3 pamoja na mtihani wa taifa. Ni pesa na muda mwingi. Fundi kuna sehemu ana wepesi, majimbo mengi ya Marekani hayamdai leseni, ila Uingereza lazima asajiliwe.

Na udaktari wa binadamu je?

Hili linaulizwa sana na nitalijibu kifupi. Ukiichukua meno sababu umekosa nafasi ya udaktari, utaumia, kwa sababu kazi ya kila siku haifanani. Daktari wa binadamu anafikiri sana na kuandika sana, wa meno anafikiri alafu anafanya kwa mkono wake hapo hapo, mgonjwa kaingia na maumivu anatoka ametulia ndani ya saa moja. Zamu za usiku ni chache. Katika nchi kadhaa ukimaliza digrii unaanza kazi bila kusubiri ubingwa. Ila uwanja wako ni kinywa, na uko peke yako chumbani mara nyingi, huna timu ya wodi ya kushauriana nayo.

Sasa nani aende wapi

Kama unapenda kuamua, mikono yako imetulia, watu hawakuchoshi na uko tayari kwa miaka mingi ya shule, nenda udaktari wa meno bila kusita, ni kazi nzuri mno. Kama unapenda watu na kufundisha lakini hutaki mzigo wa maamuzi makubwa wala wa kuendesha biashara, usafi wa kinywa, na ukitaka kuziba na kushughulika na watoto basi utabibu wa meno kama nchi yako unao. Kama unaweza kukaa masaa matatu na kitu kidogo mkononi bila kuangalia simu, una jicho la rangi, na ukimya unakupa nguvu, maabara inakungoja wewe. Na umri usikutishe, wapo wanaoanza na usafi au ufundi kisha wanaingia udaktari baadae, ila ujue katika nchi nyingi miaka uliyosoma mwanzo haipunguzi ile ya udaktari, unaanza mwaka wa kwanza na wengine.

Kabla ya kujaza fomu omba kukaa siku nzima kwenye kliniki na siku nzima kwenye maabara, sio saa moja, siku nzima mpaka wanafunga, manake asubuhi kila kazi inavutia. Kila unayemkuta muulize ni mgonjwa gani au kazi gani ya wiki iliyopita ilimchosha zaidi na kwanini. Nunua kipande cha nta au hata sabuni ngumu uchonge gego ukifuata picha, urudie mara kadhaa, uone kama unasahau muda au unahesabu dakika. Angalia tarehe za mtihani wa kuingilia mapema, Marekani na Canada kuna DAT, vyuo vingi vya Uingereza vinataka UCAT, na vyote vinahitaji maandalizi ya miezi. Na kabla hujalipa ada, ingia kwenye orodha ya bodi inayotoa leseni ya nchi unayotaka kufanyia kazi uhakikishe jina la chuo na jina la kozi yenyewe yote mawili yapo, manake kuna vyuo ambavyo kozi yao ya udaktari wa meno inatambuliwa na ya ufundi au ya usafi haitambuliwi.